Ng'ombe wa Saa Kumi

Harufu ya jiki hunirudisha Louisville hata nikiwa nimesimama Buffalo. Wengine wakiinusa hukumbuka hospitali, wengine choo cha shule. Mimi namkumbuka Papa akiingia mlangoni saa tisa na nusu alasiri, ameshaoga kazini, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima, na mabuti yake ya mpira yamesuguliwa mpaka yanang'aa. Mtu akitoka kazini hunuka kazi. Papa alinuka usafi, tena usafi uliopita kiasi, na Mama alikuwa akimwambia ayaache yale mabuti nje kwa sababu yanamuumiza kichwa.

Majuzi harufu hiyo ilinikamata tena. Siku hizi natunza wazee katika nyumba moja ya wasiojiweza, na alasiri ile nilikuwa nafuta kitanda katika chumba cha mzee mmoja asiyesikia vizuri. Televisheni yake ilikuwa inapiga kelele kama kawaida. Nikasikia kwato, halafu gitaa, halafu mtu akipiga mluzi wa kuchoka. Mkono wangu ukasimama juu ya godoro. Ilikuwa ile tamthilia ya makauboi, ile ile, na mimi nilikuwa sijaiona tangu nilipokuwa msichana wa shule. Niliketi kwenye kiti cha mzee bila hata kumwomba. Miguu ilikuwa imechoka, na moyo nao, kusema kweli, haukuwa na nguvu siku hiyo.

Ngoja niwaeleze tulivyokutana na tamthilia hiyo.

Tulifika Louisville, Amerika, tukitokea kambi ya wakimbizi Burundi, na kabla ya kambi tulitoka milimani Kivu ya Kusini, juu kabisa, ambako asubuhi ukungu unakaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Huko watu wetu ni wafugaji. Papa alikuwa na ng'ombe, na siku moja akawa hana, wote wamechukuliwa na watu wenye bunduki. Hakupenda kulizungumza. Shirika la wakimbizi lilitupatia nyumba upande wa Iroquois, ghorofa ya matofali yenye ngazi ya chuma, na mzungu mmoja wa kanisa akatuletea televisheni yenye mgongo mnene, nzito kama gunia la muhogo. Kebo ilikuwa imo tayari ndani ya kodi. Yule mzungu alitueleza kwamba tamthilia zile za kauboi ni za kale, za miaka ile kebo ilipokuwa bado kitu cha kuringia kwa majirani. Rangi zake zilikuwa zimepauka kama chai iliyozidiwa maziwa.

Papa hakujali uzee wake. Siku ya kwanza alipoona ng'ombe wanashuka kilima kwenye kile kioo, alinyanyuka kwenye kochi. Sisi tulidhani anakwenda kunywa maji. Kumbe anasimama tu.

Lazima mjue desturi yetu. Kwetu ng'ombe wakirudi nyumbani jioni, mtu wa boma hakai. Anasimama awapokee, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu ya fimbo, na mwenye ng'ombe anawaimbia mmoja mmoja kwa sifa zake: pembe zake, rangi yake, mama yake alikuwa nani, alivuka mto gani. Sauti ya Papa ilijulikana mabonde mawili ng'ambo. Mama alisema hata ng'ombe wa majirani walikuwa wakijichanganya na wetu kwa sababu yake, na ugomvi ukawa haukauki. Basi pale Iroquois, kila siku saa kumi, Papa alichukua ufagio, akauweka mabegani, akasimama mbele ya televisheni akaimba. Mimi na yaya Chantal, dada yangu mkubwa, tulilalamika kwamba anatukinga. Mimi nilikuwa natoka kwenye basi la shule nikikimbia nisikose mwanzo, halafu nakuta mgongo wa Papa.

"Papa, nawe! Hatuoni batu!"

"Batu baache baongee," alikuwa akijibu. "Angalieni ngombe."

Na kweli, watu wale hawakumhusu. Mwenye kofia nyeusi alimpiga risasi mwenye kofia nyeupe, mwanamke akalia kwenye ngazi, Papa hana habari. Nilipojaribu kumtafsiria alinipungia mkono kama anayefukuza inzi. Yeye alikuwa na kisa chake. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, pembe moja imeinama kuelekea jicho, na Papa alimgundua katika kila kipindi. Leo yuko kwa mjane, kesho yuko kwa tajiri, keshokutwa yuko kwa mtu mwingine kabisa. Sisi tulielewa kwamba waigizaji walitumia ng'ombe wale wale. Papa aliamini kwamba nchi ile yote ni ya wezi.

"Bon, bameiiba tena!" alipiga kelele, na Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani tumevamiwa. "Hii njo ile ngombe ya juzi! Na yule mzee wa sheria anaangalia tu!"

Jambo lingine lililomsumbua ni maziwa. Ng'ombe wote wale, na hakuna anayekamua. Wanaume wanakunywa kahawa nyeusi kando ya moto. "Batoto babo banakula nini?" aliuliza. Siku hizo tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Nikizikumbuka naona zilikuwa chache mno.

Papa alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nyama nje ya mji, upande wa kupakia maboksi. Alipanda gari la mwenzake alfajiri, akarudi mgongo umekakamaa. Hakuwahi kuona ng'ombe mzima huko. Kwake ilikuwa maboksi tu, baridi na maboksi. Halafu siku moja alirudi na koti jipya la kijani, zito, la kazi ya nje. Ng'ombe mmoja alikuwa amechomoka uani, watu wamehangaika naye na vijiti vyao vya umeme, akawa hashikiki. Papa alikuwa kwenye mapumziko. Akamwita, kwa ile sauti yetu ya kwetu. Ng'ombe akasimama, akageuza masikio, akamfuata polepole mpaka zizini. Mkubwa wa kazi alikuwa anatazama.

"Bamenitosha kwenye maboksi," Papa alimwambia Mama. "Bamenipeleka kwenye mangombe."

Jamani, ile furaha! Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Jumapili mchungaji alimsimamisha Papa mbele ya kanisa zima, akasema Mungu hamsahau mja wake, aliyenyang'anywa ng'ombe Kongo amerudishiwa ng'ombe Amerika. Watu wakaimba. Papa alisimama pale mbele ameinamisha kichwa, na mimi nilidhani anaona haya kwa kusifiwa.

Kuanzia hapo ndipo jiki ilipoingia nyumbani kwetu. Kuanzia hapo pia Papa aliacha kuimba.

Sikuligundua mara moja. Mtoto hagundui kitu kilichokoma, anagundua kilichoanza. Nilichogundua ni kwamba sasa hatuoni mwisho wa tamthilia. Papa aliendelea kusimama saa kumi na ufagio wake, kimya. Ng'ombe walishuka kilima, wakavuka mto, makauboi wakapiga kelele zao, vumbi likapanda. Lakini walipokaribia mji, pale penye reli na mazizi ya mbao ambako ng'ombe hupelekwa kuuzwa, Papa alichukua rimoti akazima. Kioo kikawa cheusi. Kila mara. Hatukujua kamwe kama mjane alipata haki yake au yule kijana alimwoa nani. Tulinung'unika, tukapiga miguu chini. Papa alikwenda kulala na nguo za kazi, jua likiwa bado liko juu.

Kisha akaacha kazi. Hakufukuzwa, hakugombana na mtu. Alilirudisha koti la kijani likiwa limekunjwa vizuri, akamwambia Mama tunahamia Columbus, kuna kazi ya ghala.

"Ghala?" Mama aliuliza. "Umepata kazi ya mangombe, kazi umezaliwa nayo, unaenda tena kubeba maboksi?"

"Nimechoka."

"Na mimi je? Mi sichoki?"

Mama alikuwa na haki yake. Alikuwa ametuandikisha shule, amejifunza basi lipi linafika sokoni, amepata marafiki wa kusukana nao nywele. Sasa mafurushi aliyoyafungua juzi tu, ayafunge tena. Tuliizungushia televisheni blanketi, tukaipakia mwisho, karibu na mlango wa lori.

Columbus tulikaa Reynoldsburg, kwenye maghorofa yanayofanana hata nilipotea mara kadhaa nikaingia kwa watu. Papa alibeba maboksi. Mama alifanya usafi dukani, halafu akatunza vikongwe, na wote wawili wakawa wanapishana mlangoni kama watu wasiojuana. Saa kumi ilibaki saa kumi. Ufagio, kimya, rimoti. Miaka ikapita hivyo. Baadaye mdogo wake Mama alituita Buffalo, kwamba huko Black Rock, karibu na mto, kuna nyumba za zamani ambazo hata wakimbizi wanaweza kununua, na Mama akasema safari hii anahama mara ya mwisho, atakayetaka kuhama tena atamwacha hapo. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, dirisha la mbele limepinda. Kebo hatukuwa nayo. Papa alifunga antena juu ya paa, theluji ikiwa magotini, na alipoipata ile stesheni, picha ikiwa na chenga chenga, akashuka ngazi.

Sasa yaya Chantal akaposwa. Mchumba wake alikuwa kijana wa kanisa letu la Reynoldsburg, mtu wa milimani kama sisi, na wazee wakakubaliana mambo yafanywe kwa desturi. Ng'ombe wenyewe wapo Kongo au wapo kwa maneno tu, siku hizi hatuulizani sana. Ila desturi ni hii: upande wa bwana harusi ukishatangaza ng'ombe, upande wa bibi harusi humtuma mtu akawatazame, naye hurudi awaimbie sifa mbele ya wote. Asipowaimbia, ng'ombe hawajapokelewa, na binti hajatolewa. Siku hizi wapo vijana wa kuajiriwa, wenye fimbo za kukodi na spika, wanaimba ng'ombe wasiowahi kuwaona kila Jumamosi. Chantal hakutaka kijana wa kuajiriwa. Alitaka sauti ya Papa.

"Njo ile nilikuwa nalalia nikiwa mtoto," alisema. "Sitaki ya mtu mwingine."

Papa alisema hapana.

Mama alimsihi, akamkasirikia, akamnunia. Mdogo wake Mama alikuja akasema maneno makali, kwamba watu watasema amemchukia mkwe. Papa hapana. Hakueleza. Chantal alilia chumbani, na mimi niliyelala naye nilimchukia Papa siku zile, niseme ukweli wangu. Tulibaki na Ijumaa moja tu kabla ya harusi.

Ijumaa hiyo, saa kumi, Papa alisimama na ufagio wake. Ng'ombe walishuka, wakavuka mto. Walipokaribia reli alinyoosha mkono kuchukua rimoti, haikuwepo. Chantal alikuwa ameikalia.

"Leo tuangalie mpaka mwisho, Papa," alisema. "Leo tu. Kesho naondoka kwako."

Nilidhani atagomba. Hakugomba. Alisimama akatazama. Ng'ombe waliingia mmoja mmoja katika kile kichochoro cha mbao, yule mwekundu wa pembe iliyoinama akiwa katikati yao, kauboi akawafungia geti, akavua kofia, akajifuta jasho. Gitaa likalia. Majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Basi, ndio mwisho wenyewe! Miaka yote ile nilikuwa nimedhani tunanyimwa kitu kikubwa.

Papa aliegemeza ufagio ukutani. "Pale kwenye mlango," akasema, "njo kazi yangu ilikuwa inaanzia."

Mimi nikafikiri, kumbe Louisville alikuwa mfungua geti. Lakini Mama, aliyekuwa anakunja vitambaa vya harusi, aliketi chini ghafla navyo mikononi.

"Na ulikuwa unaziimbia?" aliuliza.

"Bila kuimba zilikuwa zinakataa kuingia."

Chantal aliitoa rimoti, akamwekea Papa mkononi, akamwambia asijali, watamtafuta kijana wa kuajiriwa. Alisema kwa upole, bila machozi safari hii. Papa alizima televisheni, ingawa ilikuwa imeshaingia kwenye matangazo ya sabuni.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mjomba wa bwana harusi alitangaza ng'ombe kwa mbwembwe, akageuka upande wetu akangoja. Kijana wa kuajiriwa alikuwa tayari, fimbo mkononi, anasafisha koo. Papa akanyanyuka kwenye kiti chake, akamwomba ile fimbo kwa heshima, akaiweka mabegani.

Sauti ilitoka ikikwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Aliimba kwa lugha ya nyumbani, nami nawapa Kiswahili chake kadiri ninavyoweza. Aliimba kwanza ng'ombe wa milimani, wale wa baba yake, na wazee walipiga makofi, wanawake wakalia. Halafu akaendelea:

Mweusi wa hereni ya njano, uliyekuja umelowa mvua, ukasimama ukanisikiliza.

Mwekundu wa hereni ya njano, mwenye sikio lililochanika, uliyenifuata bila kamba.

Wewe wa mabaka, wa hereni ya njano, uliyegeuka mlangoni ukanitazama.

Watu wakaanza kutazamana. Mjomba wa bwana harusi, mtu mcheshi, akapaza sauti, "Papa, mangombe yetu haivai hereni! Hizo umezitosha kwenye televisheni!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kicheko kizuri cha harusi, bila ubaya. Mimi pia nilicheka, tena kwa fahari, kwa sababu nilijua ile tamthilia kuliko wote pale. Papa hakunyamaza. Aliimba wa hereni ya njano mmoja baada ya mwingine, na shati lake likalowa mgongoni. Nilipogeuka nikamwona Mama amejifunika kitambaa mdomoni, na Chantal, mwenye harusi yake, machozi yanaharibu yote aliyopakwa usoni. Nikasema moyoni, watu wazima nao, hawajui hata mzaha.

Nikakua na jibu hilo. Kila harusi ya kwetu kulikuwa na mtu wa kukumbusha siku Papa alipoimba ng'ombe wa makauboi, na tulicheka tena, na Papa alitabasamu kidogo akatazama mikono yake.

Sasa rudini nami katika chumba cha yule mzee. Nilikaa kwenye kiti chake, kitambaa chenye jiki magotini, nikawatafuta. Niliwatafuta wa hereni za njano kwa hamu, kama mtu anayetafuta nduguze kwenye picha ya zamani. Ng'ombe walishuka kilima, wakavuka mto. Nilisogea karibu na kioo mpaka mzee akaniuliza kama nimepoteza kitu. Wote wale walikuwa na alama za moto pajani. Masikio yao yalikuwa matupu. Hakuna hereni hata moja, wala isingekuwepo, watu wa hadithi ile hawakuwa na vitu hivyo. Na wetu wa milimani pia hawakuwa nazo. Hereni hizo za plastiki huvalishwa ng'ombe wa huku, wale wanaopelekwa kiwandani kuchinjwa.

Nilikimbilia chooni nikalia, nikiwa na glavu mikononi.

Siku yangu ya kupumzika nilikwenda Black Rock. Mama alikuwa kazini. Papa amezeeka, magoti yamekwisha, anakaa kwenye kiti karibu na lile dirisha lililopinda. Alinikaribisha chai. Nilizunguka zunguka na habari za watoto, habari za baridi, mwishowe nikachoka kuzunguka.

"Papa, kwa harusi ya yaya Chantal. Zile za hereni ya njano."

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka. "Za Louisville," akasema.

"Uliziimba zote?"

"Hapana, mama. Zilikuwa mingi. Kila siku zinakuya, na zote zinaniamini." Akaweka kikombe chini. "Niliimba zile sura yake nilikumbuka. Zingine ninaendelea nazo hapa, kidogo kidogo."

Kisha akatazama saa ya ukutani, akashika mikono ya kiti, akaanza kazi yake ndefu ya kunyanyuka. Sikumsaidia, hapendi. Alichukua ufagio nyuma ya mlango, akauweka mabegani. Televisheni ilikuwa imezimwa. Ilikuwa saa kumi, nami nikaweka kikombe changu chini, nikasimama.